Karatasi ya Shangazi Losaline

Kwa miaka kumi na tisa wifi yangu Losaline hakuwahi kubisha hodi nyumbani kwangu. Alikuwa akiingia tu. Siku hizi anabisha, anasimama nje mpaka aitikiwe, na kila nikiisikia hodi yake roho inaniuma.

Losaline ni dada mkubwa wa mume wangu Sateki, na kwetu Watonga wa visiwa vya Vava'u dada wa baba ndiye mwenye kauli ya mwisho ndani ya nyumba, hata kama haishi humo. Alipokuwa akiingia, Sateki alinyanyuka kitini, watoto wakashuka mkekani, nami nikakimbilia jikoni kuangalia ni chakula gani hakijapakuliwa mtu mwingine. Kwenye harusi na misiba yetu anakaa mbele, na mikeka mizuri yote inapelekwa miguuni pake. Mwezi wa tatu wa ndoa yangu aliitazama cherehani niliyopewa na mama yangu, akasema, "Hii nzuri, Akesa." Jioni ile ile Sateki aliibeba begani akampelekea. Nilinuna wiki nzima, lakini kwa ndani, maana kununa kwa nje hakuruhusiwi.

Msije mkadhani namsema vibaya. Nampenda yule mwanamke. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na miwili, na nusu ya kijiji, pamoja na mchungaji wetu, walijifunza kusoma mbele ya ubao wake. Hakubahatika kuzaa. Mumewe alikwenda Auckland kutafuta kazi, akapata na mke mwingine huko huko. Losaline akaitoa picha yake ukutani, akatundika kalenda ya kanisa mahali pake, na hakumtaja tena. Watoto wangu wawili, Lisiate na Pisila, ndio waliokuwa watoto wake. Hata jina la Pisila alilichagua yeye. Mimi mzaa chema niliambiwa baadaye.

Alipostaafu, simu zilikuwa zimeshatuingilia. Kila ndugu wa Sydney na Auckland akinunua simu mpya, ile ya zamani anaitia kwenye katoni pamoja na nyama za kopo na nguo za mtumba, inashuka na meli, inaishia mkononi mwa mtoto. Sisi wazazi tulikuwa tunafundishwa na watoto wetu namna ya kuiwasha. Ofisi moja ya mjini Neiafu ikawa inatafuta mtu wa kuzunguka vijijini kuwaeleza wazazi jinsi ya kuwalinda watoto mtandaoni. Wakamchukua Losaline, na hawakukosea. Alikuwa na sauti, alikuwa na jina, na hakuna mzazi aliyethubutu kusinzia mbele yake.

Mkutano wake ulikuwa raha. Tunakaa kwenye ukumbi wa kanisa, kila mmoja na majani yake ya mkadi, tunasuka huku tunasikiliza. Yeye anapotea nyuma ya pazia la jukwaa. Mara simu ya mama mmoja inalia meseji. Siku moja ilimwangukia jirani yangu Vika. Meseji ilisema, "Mambo, mimi Sela, nina miaka kumi na mitatu, napenda kuimba. Na wewe una mtoto wa kike?" Vika, mtu wa watu, akajibu. Akasema mwanawe anasoma shule gani. Akasema njia anayopita. Akasema na baba mtu anarudi shamba saa ngapi. Pazia likafunguliwa, Losaline akatoka na simu mkononi.

"Sela ndo mimi hapa, mama. Miaka sitini, goti bovu, na nimeshajua mumeo anarudi saa kumi na moja."

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Vika hakukubali kushindwa. "Kumbe unamtaka mume wangu, Losaline! Si ungesema tu!"

"Yule? Hata wakinipa na bando la bure, simchukui."

Tulicheka mpaka tukajifuta machozi kwa kanga zetu. Kisha alitungoja tunyamaze, akasema pole pole, "Mimi nimewataka mcheke. Sasa niambieni, angekuwa mwingine je?" Halafu alimalizia kwa maneno ambayo nimeyasikia mara kumi na moja, nayajua kama sala: "Mtoto akikujia na jambo la aibu, fimbo iweke chini kwanza, umsikilize. Mtoto asiye na wa kumwambia, huyo ndiye wanayemtafuta."

Kila mkutano, aliyekuwa akigawa makaratasi ni Pisila wangu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, nywele zimesukwa mikia miwili, anatembea nyuma ya shangazi yake akiona fahari.

Jumapili moja baada ya kanisa, tumeshakula magimbi na majani yake yaliyookwa kwa tui na nyama ya kopo, Losaline alifungua mkoba akatoa karatasi kubwa. Alikuwa ameinakili kwa mwandiko wake wa mwalimu kutoka kitabu kilicholetwa na wageni. Yalikuwa maagizo matatu. Simu itumike sebuleni, mbele ya watu. Simu isiingie chumba cha kulala. Neno la siri likae kwa mzazi. Kwa kuwa Jumapili kwetu hata kupiga msumari ni dhambi, aliibandika kwa gundi ya shule, karibu na picha ya marehemu baba yao.

"Nyumba ya kaka yangu ndiyo iwe ya mfano," alisema. "Sateki, umeelewa?"

"Ndiyo, dada."

"Na wewe utaacha kuangalia raga kwenye simu mezani. Tumbo hilo linatangulia kufika kanisani, wewe unafuata."

"Ndiyo, dada," alisema Sateki, na watoto wakaziba midomo wasicheke.

Hayo maagizo hayana ubaya. Ubaya ulikuwa kwamba yaliandikwa na watu ambao kaka na dada wao hukaa kochi moja. Kwetu, kaka na dada wakishaanza kukua, mpaka watakapokuwa na nyumba zao, hawakai chumba kimoja. Hawataniani, hawaangalii filamu pamoja, na neno la mapenzi halitamkwi mmoja akiwepo. Lisiate alikuwa na miaka kumi na saba, na alihamia banda la wavulana nyuma ya nyumba tangu ana kumi na miwili. Lakini televisheni iko sebuleni. Kila siku akitoka shule anaingia, anakaa. Na akiingia, Pisila anatoka. Hakuna anayemfukuza. Anatoka tu, ndiyo heshima yenyewe, na mimi niliyemfundisha nilikuwa najivunia.

Sasa chumbani simu imekatazwa, na sebuleni yuko kaka. Mtoto akaenda na simu yake pale palipobaki, kwenye banda la kupikia, nyuma ya moshi, ambako mchana hakuna mtu.

Nilimwona. Hilo ndilo ninalolala nalo. Nilikuwa nasuka mkeka mwembamba wa kumtunza Losaline atakapotimiza miaka sitini na mmoja, mkeka wa miezi, na mahali pangu pa kusukia palitazama banda lile. Alasiri baada ya alasiri nilimwona Pisila amejikunyata juu ya mbuzi ya kukunia nazi, uso umeinamia mwanga wa simu. Neno lake la siri nilikuwa nalo, limeandikwa nyuma ya daftari langu la kanisa, na sikuwahi kulitumia. Nilijiambia, agizo linafuatwa, chumbani haingii nayo. Ndani ya moyo nilijua kwamba agizo limetutoroka. Nikaendelea kusuka.

Nilijaribu mara moja kusema. Losaline alikuja kuangalia mkeka, nikamwambia, "Wifi, ile karatasi ya ukutani..."

"Imeanza kuchakaa? Nitakuletea nyingine."

"Siyo kuchakaa. Ni kwamba Pisila..."

Sateki, aliyekuwa amekaa kando yetu, akanikata jicho. Ni jicho dogo tu, lakini kila mke wa Vava'u analijua. Nikasema, "Pisila anakusalimu," nikainama kwenye majani yangu.

Huko mtandaoni kulikuwa na mtu aliyejiita Ema, miaka kumi na minne, mwimbaji wa kwaya ya Watonga huko Auckland. Waliongea miezi mitatu. Walitumiana nyimbo. Ema akamsifia nywele, akaomba picha akiwa amezifungua. Pisila akapiga, nywele mabegani, kaptula ya kuogelea, hana hata ule mkeka wa heshima tunaoufunga kiunoni. Huko Sydney picha kama ile mama mtu angeitia kwenye fremu. Kwetu, msichana haonekani hivyo mbele ya kaka yake mpaka anakufa. Na Ema alilijua hilo. Siku ya pili sauti ilibadilika. Alitaka picha nyingine, za aina ambayo Pisila alijua hapaswi kuzituma. "Usipotuma," aliandika, "hii naituma kwa kaka yako. Namba ninayo."

Mwanangu hakutuma. Mungu amlinde, hakutuma hata moja. Lakini hakusema pia. Na alijua kwamba inapasa kusema, kwa sababu makaratasi aliyagawa kwa mikono yake mwenyewe: mwambie mtu mzima unayemwamini. Alihesabu watu wake wazima. Akiniambia mimi, nitamwambia baba yake. Baba yake hana ruhusa ya kumficha dada yake jambo la watoto. Na Losaline ndiye mwenye nyumba ya mfano. Basi akanyamaza siku nne, akiingia shule na kutoka, akila na kujibu "ndiyo, mama."

Siku ya tano Lisiate alitoka shambani na simu mkononi. Aliiweka mezani, kioo kikiangalia chini. Nilimuuliza kama ana njaa. Akasema, "Mama, nataka niende 'Eua, kwa mjomba."

"Lini? Likizo?"

"Meli ya kesho."

"Umegombana na baba yako?"

"Hapana."

"Sasa nini? Mtihani je?"

"Mama, naomba nauli tu." Alininyooshea mkono kama mtoto mdogo, kijana mrefu kunizidi. Sateki alidhani ni mambo ya msichana. Mimi nikadhani ni mambo ya shule. Akaondoka asubuhi na mkoba mmoja, na kwa jinsi alivyozunguka nyuma ya nyumba asipite karibu na dada yake, nilipaswa kujua. Sikujua.

Pisila alijua. Tangu siku ile aliacha kusuka nywele.

Mjomba wao ni mdogo wangu Hopoate, mvuvi wa pweza huko kisiwa cha 'Eua, mtu wa mizaha. Kwetu mjomba hana cheo kwa wapwa zake. Wapwa wanamtania, wanamwibia ndizi, wanamvuta shati, wanamwomba chochote. Baada ya wiki tatu Lisiate alimwambia. Hopoate akanipigia simu, na kwa mara ya kwanza maishani hakuanza na utani.

"Dada, kaa chini. Uko peke yako?"

"Kuna nini? Lisiate mzima?"

"Mzima. Hali chakula, lakini mzima. Sikiliza, we usimpige mtoto."

"Mtoto gani?"

"Pisila. Mtoto hana kosa, dada. Kaingizwa mjini na mtu mzima."

Nilimsikiliza habari ya Ema na ya picha aliyomtumia Lisiate, nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa Losaline, ambao ulikuwa umebakiza upana wa kiganja kumalizika.

Nilimwambia Sateki, Sateki akamwambia dada yake, na Losaline alikuja mchana wa siku iliyofuata. Alifanya yote aliyokuwa akifundisha, sawasawa. Hakupaza sauti. Alizihifadhi zile meseji, akamzuia yule mtu, akaenda mwenyewe polisi Neiafu akasimama kaunta mpaka wakaandika. Kisha akarudi, akakaa kwenye kiti cha kaka yake, akamwita Pisila.

"Mwanangu, hakuna atakayekupiga. Nieleze tu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Alianza lini kukutisha?"

"Sijui, Shangazi."

"Uliogopa?"

"Hapana, Shangazi." Alikuwa amekaa chini, kichwa kimeinama, mikono mapajani, kama tunavyowafundisha. Kila swali alilijibu kwa heshima kamili, na hakuna alichosema.

Losaline akasogea kwenye ukingo wa kiti. "Pisila, nimezunguka vijiji kumi na tisa. Nimewaambia watoto wa watu waseme. Wewe ulikuwa pale, ulinibebea makaratasi. Kwa nini hukuja kwangu?"

Mtoto akasema, bila kuinua kichwa, "Ndiyo maana, Shangazi."

Losaline aligeuza uso ukutani, na macho yake yakaishia kwenye mwandiko wake mwenyewe.

"Hiyo karatasi mbona bado ipo?" aliuliza. "Baada ya yote haya, mmeiacha ya nini?"

Sateki alitazama miguu yake. Na mimi, sijui mdomo niliutoa wapi, nikasema, "Nani angeibandua, wifi? Uliibandika wewe."

"Akesa!" alisema Sateki.

"Mwache aseme," alisema Losaline.

Nikasema. Nilimwambia habari ya sebule na kaka, ya banda la kupikia, ya moshi, ya mbuzi ya nazi. Nilimwambia siku niliyotaka kusema nikasema salamu. Nilimwambia kwamba niliona miezi mitatu nzima huku namsukia mkeka. Nililia kwa hasira, na hasira nyingine ilikuwa juu yake, nyingine juu ya Sateki, lakini kubwa ilikuwa juu yangu mwenyewe. Losaline alisikiliza mpaka mwisho. Aliyajua mambo ya kaka na dada kuliko mimi, amekua nayo. Angeambiwa mara moja tu angefuta agizo lile akacheka. Hapakuwa na wa kumwambia.

Aliinuka na goti lake bovu, akaenda ukutani. Gundi ya shule ilikuwa imeshika. Karatasi ilitoka vipande vipande na rangi ya ukuta ikifuata, naye akaendelea kukwangua kwa kucha mpaka Sateki akamshika mkono, jambo ambalo kaka hafanyi.

Mkeka niliumaliza, maana sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu. Siku yake ilipofika tuliupeleka. Losaline aliupapasa ukingo, akausogeza kurudi kwangu. "Siwezi kuukalia huu, Akesa. Mpe Lisiate siku akirudi." Watu walinong'ona mpaka mwezi ukaisha. Mkeka uko juu ya kabati, umekunjwa, na Lisiate hajarudi. Mwaka wa pili huu. Hupiga simu kila Jumamosi, huuliza hali yangu, ya baba yake, ya nguruwe. Jina la dada yake halitaji. Mimi namwambia Pisila kwamba kaka yako anakusitiri, hiyo ndiyo namna yake ya kukupenda. Ananijibu, "Ndiyo, mama." Anaamini amechukiwa.

Losaline aliacha mikutano karibu mwaka mzima. Alipoirudia, pazia hakulitumia tena. Anaanza kwa kuwauliza wazazi, "Nani nyumbani kwenu haambiwi hapana?" Wanachekacheka, wanatazamana. Anawaambia, "Basi huyo asiandike sheria ya watoto peke yake." Na anataka kila mama aje na kaka yake, mjomba wa watoto. Hopoate alivuka bahari mara moja kuja kukaa mstari wa mbele, akanuka pweza ukumbi mzima. Mikutano hiyo inasaidia. Vika ameniambia mwanawe alimkimbilia mjomba wake na jambo, likazimwa mapema. Nilifurahi, nikaenda kulia chooni.

Na kila Jumatano Losaline anakuja kwetu. Anabisha hodi. Pisila akiisikia sauti, anatoka kwa mlango wa nyuma, anaingia banda la kupikia. Mwanzoni Losaline alikuwa akikaa sebuleni, anautazama ukuta uliobanduka, anaondoka. Siku hizi anazunguka nyuma. Anageuza ndoo, anaikalia nje ya banda, mgongo kwenye ukuta wa bati, haulizi kitu. Moshi unapita kwenye matundu unamwendea usoni. Mimi nasuka palepale pangu, nawaona wote wawili, mmoja ndani na mmoja nje.

Jumatano iliyopita nilisikia sauti ya mwanangu kutoka ndani. Ana miaka kumi na mitano sasa, sauti imekuwa ya mwanamke. Niliacha kusuka. Losaline naye aliinua kichwa.

"Shangazi, moshi utakuumiza macho. Tafadhali, rudi ukakae ndani, kwenye kiti."

Nilingoja neno la pili. Halikuja. Losaline alijishika goti, akanyanyuka, akaja mpaka nilipokaa. Macho yalikuwa mekundu, na sikuthubutu kumuuliza kama ni moshi.

"Umesikia?" aliniambia. "Heshima, Akesa. Ananipa heshima tu."